Huyu Anakula Nini?

Maji ya bamvua yamerudi, na hapa Kanamai, pwani ya Kenya, bahari imejivuta hadi karibu na mwamba ambako mawimbi huvunjika. Hizi ndizo siku ninazozisubiri. Vidimbwi vilivyobaki nyuma vimejaa viumbe: kamba wadogo wanaoonekana hadi matumbo, kaa wanaoburuta makombe ya konokono waliokufa zamani, anemoni, wanyama laini wafananao na maua, waliojikunja kwenye nyufa wakingoja maji yajae. Wachache wa jamii hizo wanaishi sebuleni kwangu, ndani ya tangi la kioo la lita 200, na leo nataka kuandika kwa nini ni hao na si wengine.

Kabla sijachukua chochote niliuliza kwa afisa wa uvuvi na kwa wazee wa BMU yetu, yaani kamati ya usimamizi wa ufuo. Wakanieleza yanayojulikana: ndani ya mbuga za taifa za bahari huchukui kitu, matumbawe hai yaache, na anayefanya biashara ya samaki wa mapambo sharti awe na leseni. Yote nikayashika. Lakini neno ninalolitumia kila siku alinipa ami mmoja mvuvi wa madema, aliyenikuta nimemwinamia kiti cha pweza, yaani samaki nyota, mwenye nundu nyekundu.

"Mzuri huyo," akasema. "Sasa kwako atakula nini?"

"Sijui, ami."

"Basi mwache hapo mpaka ujue."

Baadaye nilisoma nikajua, na ndiyo maana bado namwacha. Kiti cha pweza huyo hulitoa tumbo lake nje kupitia mdomoni, akalilaza juu ya sponji na viumbe wengine wasiohama, akawameng'enya papo hapo. Ukimtia tangini atamaliza kilichopo, kisha atazunguka kwenye vioo mchana na usiku akitafuta. Rangi haififii. Mtu humtazama akadhani yuko salama, kumbe mwili unajila wenyewe polepole kwa miezi. Sijui kifo kibaya zaidi ya hicho, cha njaa mbele ya macho ya mtu anayekupenda.

Wako wengi wa namna hiyo. Konokono wa bahari wasio na kombe, wale wenye rangi za kuvutia kuliko kanga, wengi wao hula aina moja tu ya sponji. Samaki vipepeo, wengi hudonoa nyama ya matumbawe hai. Jongoo bahari hutaka mchanga mwingi wenye mabaki ya kula, na akishtuka anaweza kuyatoa matumbo yake nje. Wapo ambao sumu yao huua samaki wote tangini. Na konokono mwenye umbo la koni usimshike hata kidogo: ana jino kama chusa, lina sumu, limewahi kuua watu, na dawa ya kuizima haipo.

Wanaobaki ni wale wa vidimbwini, waliozoea shida. Maji yao hupata moto jua la mchana, hupungua chumvi mvua ikinyesha, na chakula ni chochote kilicholetwa na maji. Kaa wangu wa makombe hula mwani, mizoga, kipande cha dagaa, mabaki ya mabaki. Jana usiku nilimwona mmoja akihama. Nilikuwa nimetandaza makombe matupu mchangani, ya ukubwa mbalimbali. Akalijia moja, akaligeuza mdomo juu, akaingiza gando akipapasa ndani, akalizungusha, akachokonoa punje za mchanga mojamoja. Alichukua muda mrefu. Kisha akachomoka ghafla, tumbo laini lililojipinda likaonekana kufumba na kufumbua, akajisokota kinyumenyume ndani ya kombe jipya. La zamani hakuliachia papo hapo. Alilishikilia kwanza huku akijaribu kama hili linamkaa. Kwa hiyo nikipita kwenye meza za makombe yanayouzwa kwa watalii moyo huniuma. Makombe mazuri yakiondoka ufuoni, kaa hujibana katika madogo.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote katika mambo haya ni cha Uskoti. Mwaka 1828 John Graham Dalyell, mchunguzi wa viumbe, alimtoa anemoni mmoja katika miamba ya North Berwick, akamweka ndani ya gudulia la kioo Edinburgh. Alimlisha vipande vya kome na kumbadilishia maji ya bahari. Dalyell alifariki mwaka 1851, anemoni akapokewa na mwingine, kisha mwingine, akazaa mamia ya watoto, akafa mwaka 1887. Watu walimpa jina Granny. Hakukuwa na pampu wala stima. Alikuwa kiumbe wa kupwa na kujaa, anayekula anachopewa, na waliomtunza hawakuchoka.

Mimi nachota maji wakati yamejaa, mbali na mdomo wa mkondo wa Mtwapa, na mvua kubwa ikinyesha nasubiri siku kadhaa. Kwenye kioo nimechora mstari. Maji yakishuka chini yake naongeza maji matamu, si ya bahari, maana kinachopaa ni maji na chumvi yote hubaki. Haidromita, kifaa kinachoonyesha maji yana chumvi kiasi gani, ikisoma 1.025 nalala. Stima ikipotea kuna pampu ya hewa ya betri. Tangi jipya nalo liachwe wiki kadhaa na mawe yake kabla ya kumtia mnyama, ili bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye uchafu wa viumbe, wapate kuongezeka. Haraka katika hilo huua kuliko njaa.

Jambo moja nalikazania hata rafiki zangu wakiniona mgumu: tangini mwangu haingii kiumbe wa dukani. Samaki simba, mwenye miiba ya sumu, ni wa bahari zetu za Hindi na Pasifiki. Mwaka 1985 alionekana Florida, Marekani, na inaaminika aliachiwa na watu waliokuwa wakimfuga majumbani. Sasa ameenea Karibi nzima, anakula samaki wachanga wa miamba, na huko wa kumpunguza ni wachache. Ugonjwa pia unaweza kusafiri hivyo hivyo. Wangu wakiishi na wenzao wa Kanamai peke yao, katika maji ya Kanamai, mlango wa kurudi unabaki wazi. Kamba wawili sasa wamekuwa wakubwa, wanawasumbua wadogo. Wiki hii nitawarudisha kidimbwi kilekile, nikisubiri maji yaanze kujaa ili wasikutwe juani.