Nyuma iyeyuke: zumu yangu kwenye zabibu za Mpunguzi

Mwezi wa nane nilienda Mpunguzi, Dodoma, kwa shangazi yangu, zabibu zinavunwa, nia yangu ilikuwa moja tu, nimpige potreti ya heshima akiwa shambani kwake, sura ikae safi na nyuma iyeyuke kabisa, ile blaa ambayo kila mteja siku hizi anaitaka. Kamera yangu ni ya kawaida, sensa ndogo, na lenzi ni mbili za zumu, yaani za kuvuta karibu, 18-55 iliyokuja na kamera na 55-250, namba hizo ni milimita, zikipanda unavuta zaidi. Kila ninayemuuliza ananiambia bila lenzi ya 50 isiyovuta, yenye f/1.8, blaa huipati. Jamani inapatikana, na hili limenisumbua karibu mwaka mzima kwa hiyo acheni nilieleze.

Kwanza hizi namba za f zinachanganya, zinahusu tundu la lenzi linalopitisha mwanga, namba ikiwa ndogo wanakuambia tundu ni kubwa. Ile 18-55 ukiwa kwenye 18 inafungua mpaka f/3.5, ukivuta mpaka 55 inaishia f/5.6, basi mtu anaona 3.5 ndiyo tundu kubwa anabaki kwenye 18, akipiga nyuma yote inasomeka mpaka jani la mwisho. Ila upana halisi wa tundu, ambao ndio unaosaidia kuyeyusha nyuma, unaupata kwa kugawanya: 18 kwa 3.5 ni kama milimita 5, ila 55 kwa 5.6 ni karibu 10. Yaani upana wa tundu umekuwa karibu mara mbili japo namba inaonekana mbaya zaidi! Sasa chukua 250 kwa 5.6, unapata karibu 45, wakati ile 50 ya f/1.8 wanayoisifia ni 28.

Basi nikavuta mpaka 250, nikaweka kamera modi ya Av, ile unayochagua tundu mwenyewe, f/5.6, shangazi kasimama mstarini na majani yapo mgongoni kwake kama mita moja hivi, nikapiga. Nyuma ikafifia kidogo tu, karibu sawa na ile ya 55. Hapa ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna aliyewahi kuniambia. Kwa 250 ili mtu akae kwenye fremu kuanzia kiunoni inabidi urudi nyuma kama mita 10, sasa ukiwa mbali naye hivyo, mita moja nyuma yake si kitu, kwa lenzi ni kama yeye na majani wamesimama pamoja. Ukuta ukiwa karibu na mtu zumu haikusaidii, hapo kweli ile 50 inashinda, na ndiyo maana sebuleni au kwenye kumbi ndogo siwezi kubisha.

Nikamwambia shangazi sogea mbele, toka kabisa kwenye mstari, njoo mpaka hapa kwenye kichanja cha kuwekea makreti. Mimi nikazidi kurudi, akawa anapiga kelele mwanangu mbona unanikimbia, upepo wa Dodoma mnaujua, inabidi mpigiane kelele. Mizabibu sasa iko mita 20 nyuma yake. Saa kumi na moja na nusu, jua limeshuka linapenya kwenye majani, kila kitobo kikageuka duara la mwanga, na shangazi amekaa katikati, kila mkunjo wa uso unaonekana. Nilitetemeka mikono kwa furaha.

Mikono kutetemeka kwenyewe ni hatari ukiwa 250, shata, yaani kasi ya kupiga, isishuke chini ya 1/400 ya sekunde, ISO, yaani usikivu wa kamera kwa mwanga, ipande tu, chengachenga kidogo kwenye picha ni bora kuliko jicho lililotikisika. Fokasi weka nukta moja, jichoni. Na kitu kingine kinachonifanya niipende zumu huku kwetu ni vumbi, kiangazi hiki ukifungua kamera shambani kubadili lenzi umeita vumbi liingie kwenye sensa.

Nikamwonyesha picha. Akaitazama muda mrefu, akasema nimependeza, lakini zabibu zangu ziko wapi? Mistari ile kaipanda yeye mwenyewe. Nikamrudisha karibu na mizabibu, nikapunguza zumu mpaka 70, nikaweka f/11, vichala vikasomeka kimoja kimoja, na hiyo ndiyo aliyoniagiza nikaisafishe, ya ukubwa wa A3.