Boriti Moja

Nimerudi kutoka Dubai wiki mbili sasa, na kila usiku nalifungua daftari langu la safari kwenye ukurasa ule ule. Kuna namba moja tu pale, nimeiandika kwa penseli: 2.80. Ni upana wa chumba.

Sikwenda kutafuta vyumba. Mteja wangu anayejenga Mbweni alinituma nikachague vioo na vigae, maana aliyaona maghorofa ya kule kwenye simu yake akataka nyumba yake nayo ing'ae. Siku mbili nikazunguka maghala ya Deira na wafanyabiashara wa Kariakoo, ambao njia zile wanazijua kuliko sisi wasanifu majengo. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa, na maduka niliyoyataka yalikuwa yamefungwa mpaka alasiri. Nikavuka hori kwa abra, ile mashua ya dirhamu moja, nikaingia kwa miguu mtaa wa Al Fahidi.

Mtaa huu ulijengwa na wafanyabiashara waliohamia kutoka Bastak, Uajemi, mwishoni mwa karne ya 19. Vichochoro vyembamba, kuta za mawe ya matumbawe, na juu ya mapaa minara ya upepo wanayoiita barjeel. Nilisimama chini ya mmoja kwa muda mrefu. Kichwa chake kiko wazi pande nne, na ndani kuta mbili zimepishana kama herufi X, kwa hiyo upepo utokee upande wowote, unagonga ukuta na kushuka chumbani. Usipovuma, joto la ndani linapanda na kutokea huko huko juu. Nilihisi ubaridi shingoni, na nje jua lilikuwa linawaka.

Nilipoinua macho kuutazama vizuri mnara ndipo nikaiona dari. Miti myembamba, ya mviringo, myeusi kwa umri, imepangwa kwa nafasi sawa, juu yake mikeka ya majani ya mtende. Nikatamka kwa sauti bila kukusudia: "Boriti!"

Mzee aliyekaa karibu na mlango akageuka. "Wazijua?" Kiswahili cha Unguja kabisa. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Hapa huitwa chandal. Mama yangu akiziita boriti, kama wewe."

Nilijua kwa kusoma kwamba majahazi yaliyokuja kwetu na upepo wa kaskazi yalirudi Ghuba na upepo wa kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Rufiji na Lamu, kwa sababu kule miti ya kujengea ilikuwa haba. Kujua kwa kusoma ni jambo jingine. Pale nilikuwa nimesimama chini ya msitu wa kwetu. Nikatoa tepu, mzee akanishikia ncha, tukapima ukuta hadi ukuta: mita mbili na sentimita themanini. Tukahamia chumba cha pili, tofauti ikawa vidole viwili.

Hicho ndicho kipimo cha chumba cha marehemu bibi yangu Pangani. Utotoni nilikiona kirefu na chembamba, na nilipofika chuo nikajifunza kukiita kibaya. Kumbe haukuwa uchaguzi wa mtu. Boriti ya mkoko, ukiibebesha dari nzito ya mawe na chokaa, haivuki zaidi ya hapo bila kupinda. Mti uliamua upana wa chumba, Pangani na Dubai, na watu wakaujaza maisha. Chumba chembamba chenye uwazi pande zote mbili upepo unakipita moja kwa moja. Mteja wangu anataka sebule ya kina cha mita tisa, kisha anauliza viyoyozi vingapi vitatosha.

Kuna jambo linaniuma na nitaliandika. Miaka sita iliyopita nilichora jengo la ghorofa nne lililochukua nafasi ya nyumba ya mawe, Tanga. Siku ya kubomoa nilikuwepo. Boriti ziliuzwa kuni. Sikupima hata moja.

Mnara wa upepo sitauchora Mbweni. Al Fahidi nyumba zimebanana na kuta zinalinda faragha, kwa hiyo upepo unatafutwa juu. Kiwanja cha mteja kinatazama bahari na upepo unafika usawa wa kifua, kwa hiyo mnara ungekuwa pambo tu. Nilichobeba ni ile 2.80. Wala sitatumia mikoko. Kenya ilizuia kuuza boriti nje mwaka 1982, na anayejua samaki wetu wanazaliana wapi hahitaji kuelezwa sababu. Nimepanga misaji ya Longuza, shamba la miti la Muheza, kwa vyumba vya juu, na chini zege. Slabu ikivuka mita tatu badala ya sita unaipunguza unene, na nondo zinapungua sana. Fundi wangu alipoiona ramani alisema, "Injinia, vyumba vimekuwa mabehewa." Nikamwomba asimame mlangoni kwa bibi siku atakayopita Pangani, saa nane mchana.

Imebaki sebule. Mama mwenye nyumba ana wajukuu wengi na Idi wote wanakuja kwake. Mita tatu hazimtoshi, na ana haki. Usiku wa leo nimejaribu walivyofanya mafundi wa misikiti ya kale ya pwani walipotaka ukumbi mpana: boriti moja, safu ya nguzo, boriti nyingine. Nguzo nne katikati ya sebule, zikiwa na kibaraza cha kukalia katikati yake, watoto wazizunguke. Nimezichora mara tatu. Kesho saa nne asubuhi nampelekea, pamoja na sampuli za vioo alizoniagiza.