Krismasi Niliyokaushwa

Alfajiri moja ya Desemba 2018 nilikuwa natoka Daraja la Selander kwenda Coco Beach nikichechemea. Ugoko wa kulia uliuma mahali pamoja tu, padogo kama shilingi, kila mguu ulipogusa lami. Ilikuwa siku ya 143 mfululizo bila kukosa kukimbia. Simu ilikuwa inanihesabia, na wenzangu wa klabu ya jogging walikuwa wananipigia makofi kila asubuhi kwenye kundi la WhatsApp. Basi nikachechemea mpaka kilomita nane zikatimia, nikapiga picha ya bahari, nikaituma.

Dalili zilikuwepo kitambo, ila nilikuwa nazipa majina mengine. Agosti mapigo ya moyo nikiamka yalikuwa 56; Desemba yakawa 66, nikasema ni joto. Usiku nilikuwa nashtuka saa nane, nikasema ni kazi. Kilomita niliyozoea kuimaliza kwa dakika sita na nusu ikawa inanichukua saba na jasho mara mbili. Hiyo nikasema ni unyevu wa Dar. Kisha nikamfokea kondakta wa daladala kwa ajili ya shilingi hamsini. Hilo sikulipata jina.

Daktari wa mifupa alibonyeza ugoko kwa kidole gumba, nikaruka. Picha ya eksirei haikuonyesha kitu, nami nikafurahi, nikaanza kufunga kamba za viatu.

"Subiri kwanza, dada," akasema. "Nyufa changa mara nyingi hazionekani kwenye picha."

Akanieleza kwamba mfupa unaotwangwa kila siku hujikarabati kama barabara. Wanatangulia wachimbaji kutoa lami chakavu. Wanaoweka mpya wanakuja nyuma yao, na hao ndio wenye mwendo wa kobe. "Sasa wewe unapitisha malori juu ya shimo." Akanipa siku 14 bila kukimbia. Nikaitikia sawa daktari, asante sana. Kesho yake nikakimbia kilomita tatu, nikijiambia kwamba tatu siyo kukimbia.

Tarehe 21 nilipanda basi la saa kumi na mbili asubuhi pale Ubungo, mimi na Wachaga wote wa Dar, kwenda Krismasi. Mabegi yalikwenda kwenye buti; viatu vya kukimbia nilivipakata. Kwa foleni za msimu ule tulifika Moshi giza limeshaingia, na mpaka nipate bodaboda ya kunipandisha Kibosho, ikawa saa tatu usiku. Siku ikapita hivyo. Namba ikagota 151. Nililia kidogo chooni, na kusema kweli haukuwa mguu niliokuwa naulilia.

Asubuhi nilimkuta mama bandani. Ng'ombe kiwele kimemjaa, ngozi imekaza inang'aa, tone la maziwa linaning'inia kwenye chuchu moja.

"Mama, leo hujakamua?"

"Huyu namkausha. Anazaa Februari."

"Lakini kimejaa, si anaumia?"

"Ataumia siku tatu, nne. Ukimwonea huruma ukamkamua, kiwele kinajua kazi bado ipo, kinatengeneza tena. Akizaa kabla hakijapumzika, utakamua kikombe." Akanitazama chini. "Na wewe mama'ngu, huo mguu una nini?"

Nikamsimulia yote: simu, klabu, daktari. Alisikiliza huku anakatakata mgomba kwa panga, vipande vikiruka na maji yake.

"Siku mia na hamsini na moja?"

"Ndiyo, mama."

"Unakimbia kwenda wapi?"

"Coco Beach."

"Halafu?"

"Narudi."

Alicheka mpaka akakalia ndoo. Kufika mchana habari ilikuwa imezunguka kihamba kizima, shamba letu la ukoo, kwamba mwaka huu kwa mama wamekaushwa wawili.

Siku nne za mwanzo zilikuwa mbaya. Saa kumi na nusu macho kodo, miguu inapiga shuka yenyewe. Nilizunguka migomba kwa kutembea, nikawa najikuta naharakisha, najirudi. Wakati huohuo ng'ombe naye alikuwa analia kila mama alipopita na ndoo. Tulielewana. Nikawa naanza asubuhi yangu kwa kumpapasa kiwele: siku ya tano kikalegea, siku ya nane kikawa baridi na chepesi, siku ya kumi kimenywea kama mfuko uliokwisha beba mzigo. Jioni nilikuwa napapasa ugoko kwa kidole gumba, na ile shilingi ikawa inazidi kuwa ndogo.

Krismasi yenyewe ilipita kama Krismasi zote, nyama na kelele. Ninachokumbuka ni usingizi. Nililala kwa muda wa saa tisa, saa kumi, nikaamka shavu limeandikwa mikunjo ya mto. Nilikula mtori mpaka mama akaacha kuniuliza kama naongeza, anamimina tu. Baba mdogo, aliyewabebea wageni mizigo Mlima Kilimanjaro miaka mingi, alinihadithia kuhusu wale wa njia ya Marangu wanaopewa siku ya ziada kwenye kambi ya Horombo, mita 3,720, mwili uzoee hewa. Kulikuwa na ambao walinuna, kwamba hawakulipa hela zote zile kuja kukaa. "Wengine tuliwashusha kwa machela," akasema, akajimiminia mbege.

Tarehe 4 Januari nikavaa viatu. Nilishuka taratibu kwenye barabara ya vumbi, nikiusikiliza ugoko kama mzazi anayenyata asimwamshe mtoto. Kimya. Pumzi ndiyo iliyonisumbua: dakika kumi tu moyo unagonga kama nimepanda ghorofa na gunia. Hilo daktari alikuwa ameniambia nisiliogope, kwamba mtu akiacha kukimbia damu hupungua maji kidogo, moyo ukafidia kwa kupiga haraka, na mazoezi yakirudi hali hurudi upesi. Kilomita mbili zikanitosha. Kurudi nikatembea, nikaamkia kila bibi niliyempita barabarani, jambo ambalo huwezi kulifanya ukiwa unahema.

Katikati ya Januari, Dar, mapigo ya asubuhi yalisoma 57. Kilomita ikashuka mpaka dakika sita na sekunde ishirini, joto likiwa lilelile na unyevu uleule. Yule kondakta nilimwona tena. Sikumwomba radhi, lakini chenji niliiacha.

Ng'ombe alizaa katikati ya Februari, ndama jike. Mama alipiga simu kunitajia lita kabla hajataja ndama: 15 kwa siku, wakati uzao uliotangulia zilikuwa 11.

Mwanzoni mwa Machi nikasimama kwenye mstari wa Kilimanjaro Marathon pale Chuo cha Ushirika, Moshi, nusu marathoni. Njia hupanda kuelekea Mweka, na mlima ule hauna huruma na mtu wa pwani. Kwenye kona moja ya kupandisha nikamwona mama, kitenge na ndala, ameshika chupa ya maziwa bado ya moto. Akakimbia pembeni yangu hatua kama ishirini akipaza sauti ninywe. Nilikunywa mafunda mawili, nusu yakaishia kifuani. Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 19. Mwaka mmoja nyuma, njia hiyohiyo, ilikuwa saa 2 na dakika 31.

Kesho yake simu ikatoa mlio kuniuliza kama leo nakimbia. Niliizima, nikachukua panga na kamba, nikaenda kumkatia ng'ombe majani kule bondeni, nikiteremka kinyumenyume kwa jinsi mapaja yalivyokuwa yanauma.