Darubini ya kwanza: nunua lenzi ya jicho moja tu, na si wiki hii

Darubini nyingi za bei ya chini zinazofika Arusha na Moshi, ziwe zimeagizwa mtandaoni au zimeletwa na ndugu ndani ya begi, huja na lenzi mbili za jicho, yaani zile ndogo unazochungulia. Moja imeandikwa H20mm, nyingine SR4mm; herufi ni aina ya lenzi, namba ni urefu wake wa fokasi. Ukibahatika ni 25 na 10. Humo humo kuna Barlow ya plastiki, lenzi ya kuongezea ukuzaji mara tatu, na boksi linajigamba kwamba kitu kinakuzwa mara 525. Haupiti muda mwenye nayo anauliza anunue lenzi gani, maana Mshtarii anamwona doa tu lenye ukungu. Anunue, ndiyo, lakini moja tu, na kwanza ajue kama mkosaji ni lenzi kweli.

Hesabu ya ukuzaji ni fupi. Chukua urefu wa fokasi ulioandikwa kwenye darubini, gawanya kwa milimita za lenzi ya jicho. Darubini ya kipenyo cha milimita 70 na fokasi 700 ikiwekewa ile ya 20 inakuza mara 35; ikiwekewa ya 4, mara 175. Ukomo wa maana ni kama mara mbili ya kipenyo kwa milimita, yaani 140 kwa darubini hiyo. Kwa hiyo SR4 imeshavuka mpaka hata kabla hujagusa Barlow, na ile 525 ya boksi ni 175 mara tatu, basi. Mwanga unaotoka hapo ni mwembamba, milimita 0.4, ndiyo maana picha ni giza na unaona nyuzi zinazoelea ndani ya jicho lako mwenyewe. Tena uwanja wake, yaani kipande cha anga unachokiona, ni finyu kiasi kwamba sayari inaukatiza kwa sekunde kama 40, na kila ukigusa tripodi ili uifuate, kila kitu kinatikisika. SR4 na Barlow ile virudishe kwenye boksi.

Sasa kabla ya kutoa hela. Angalia mfuniko wa mbele: mingi ina kifuniko kidogo katikati, na watu hutoa hicho kidogo tu wakaacha mfuniko mkubwa. Hapo darubini ya milimita 114 inafanya kazi kama ya 40. Kisha itoe nje nusu saa ipoe, hasa usiku wa Julai Arusha, maana hewa ya joto iliyobaki ndani ya bomba huchezesha picha. Usiangalie juu ya paa la bati au ukiwa kwenye uwanja wa zege uliopigwa jua mchana kutwa. Joto linaendelea kupanda hadi usiku. Sisi tuko nyuzi 3 na ushei tu kusini mwa ikweta, sayari hupanda karibu na utosi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumwinda Zohali akiwa bado chini kwenye upeo. Subiri apande.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni hiki. Lenga nyota angavu, Sirius au Canopus, uiweke katikati kabisa. Tumia lenzi ya milimita 10 kama unayo, kama huna basi ile ya 20. Vuruga fokasi kidogo mpaka nyota iwe kiduara chenye pete. Kama kiduara kimepinda, kina mkia au kimevimba upande mmoja, legeza skrubu inayoshika lenzi ya jicho na uizungushe taratibu papo hapo, bila kusogeza darubini. Kasoro ikizunguka pamoja na lenzi, lenzi ndiyo mbovu. Ikibaki palepale, zungusha kichwa chako: ikifuata kichwa, ni jicho lako lenye astigmatizimu (mpindo usio sawa wa jicho), na dawa yake ni miwani. Isipofuata lenzi wala kichwa, tatizo liko ndani ya darubini, na hakuna lenzi ya jicho itakayoliondoa.

Kwa darubini ya lenzi, yenye lenzi kubwa mbele, mshukiwa wa kwanza huwa kile kiwiko chenye prizimu kinachopinda mwanga kuelekea jicho. Kitoe, ingiza lenzi ya jicho moja kwa moja nyuma ya bomba, upime tena. Itabidi usukume fokasi nje zaidi. Isipofika, vuta lenzi yenyewe kidogo kutoka kwenye tundu lake. Picha ikisafika, umeokoa hela: nunua kiwiko cha kioo cha nyuzi 90. Vile vya nyuzi 45 vinavyosimamisha picha ni vya kutazama ndege mchana; usiku huchora mstari wa mwanga kwenye kila nyota angavu.

Kwa darubini ya kioo, yenye kioo kikubwa cha kuakisi mwanga, tazama kivuli cha kile kioo kidogo ndani ya kiduara cha nyota. Kikikaa upande, vioo havijapangwa. Nyuma ya kioo kikubwa kuna skrubu tatu za kupangia. Zungusha moja robo mzunguko, rudisha nyota katikati, angalia tena. Usifunguefungue zote kwa pamoja, utapotea. Na kama bomba lako halizidi sana nusu mita lakini limeandikwa fokasi 1000, kuna lenzi ya ziada imefichwa ndani ya bomba la fokasi. Darubini za aina hiyo ni ngumu kupanga na huwa na picha laini tangu kiwandani. Hiyo usiinunulie chochote, itumie kwa mwezi na vishada vya nyota huku ukiweka akiba ya nyingine.

Ikiwa umefika hapa na lenzi ndiyo yenye hatia, kwa 70/700 (kipenyo 70, fokasi 700) iliyokuja na H20 na SR4 ningechukua ya milimita 9, ile ya uwanja wa nyuzi 66 yenye mstari wa dhahabu ambayo inauzwa kwa majina mengi. Inakuza mara 78, mwezi mzima unaenea na nafasi inabaki, pete za Zohali zinaonekana, na Mshtarii anaonyesha mikanda yake miwili. Kwa darubini ya 130/650 chukua ya 6 ya ukoo huohuo, upate mara 108. Ya 25 iliyokuja nayo iache, haina ubaya. Nyota zenye mabawa pembeni mwa uwanja kwenye darubini hiyo zinatokana sana na kioo chenyewe, kwa hiyo usimlaumu muuzaji wa lenzi.

Anayependa Kilimia kuliko sayari atafanya kinyume: Plössl, aina nyingine ya lenzi ya jicho, ya milimita 32. Kwenye 70/700 inakuza mara 22 na kufungua anga la zaidi ya nyuzi 2, Kilimia chote kinaingia. H20 inaonyesha kama nyuzi moja tu. Plössl fupi za 6 au 4 ziache, maana jicho linabanwa mpaka kope zinapaka kioo mafuta. Seti za masanduku ya aluminiamu zenye lenzi tano na vichujio vya rangi nazo ziache. Lenzi za kuvuta, zinazobadilisha milimita zake kutoka 8 hadi 24, uwanja wake ni finyu hasa pale kwenye 24 unapouhitaji uwe mpana.

Kabla ya kuagiza, pima tundu la kiwiko kwa rula. Likiwa kama milimita 32, ni inchi 1.25, agiza bila wasiwasi. Likiwa kama 24, ni saizi ya zamani, na utahitaji adapta au kiwiko kipya, na gharama hiyo mara nyingi haifai kwa darubini ya namna hiyo.

Ukikuta ndani ya boksi kichujio cheusi cha jua kinachofungwa kwenye lenzi ya jicho, kivunje ukitupe. Jua lililokusanywa na darubini linaweza kukipasua ghafla huku jicho likiwa hapohapo. Kichujio cha jua hukaa mbele ya bomba, kikiwa kimefungwa imara.

Lenzi ikifika, vumbi la kiangazi lipulize kwa mpira wa kupuliza, si kwa upindo wa fulana. Wakati wa masika ihifadhi kwenye kopo lenye mfuniko unaokaza, pamoja na vipakti viwili vya silika, la sivyo kuvu huota ndani ya vioo na hakuna kitambaa kinachofika huko.