Malengelenge ya faiba

Bamvua, maji yamekupwa mbali.

Siku kama hii ndiyo ya kutazama tumbo la boti ya faiba, ile ya nyuzi za kioo na gundi. Ikishalala ubavu kwenye mchanga wa Shela, aibu zake zote hadharani: malengelenge madogo kama kunde, mengine upana wa kitumbua. Na fikira hunijia ile ile, kwamba haki ya mwenye boti hupotelea kwenye grenda. Fundi anafika, anaparuza, anapaka, ushahidi unaruka na vumbi. Waranti, ile dhamana ya mtengenezaji, imebaki karatasi.

Lengelenge si rangi kuvimba tu. Jelikoti, ile ngozi ya nje isiyofika hata milimita 1, hupitisha maji kidogo kidogo. Yakikuta resini, yaani ile gundi, isiyokauka sawasawa au nyuzi zisizolowa vizuri, huzaliwa majimaji makali yanayovuta maji zaidi, na bahari ya joto kama yetu huharakisha mambo. Toboa moja tu, miwani machoni na glavu mkononi, maana yaliyomo yamebanwa na huruka. Yakinata, yakinuka kama siki, na karatasi ya litmasi ya buluu ikageuka nyekundu, ugonjwa umo ndani ya faiba. Ukikuta maji matupu, na chini yake jelikoti ni nzima, mlaumu aliyepaka rangi.

Nyufa nazo husema. Zikitawanyika kama utando wa buibui kutoka nukta moja, boti iligonga kitu, nanga au gati, na hapo usijisumbue kudai. Zikijipanga sambamba pale kiambaza, ukuta wa ndani, kinapokutana na bodi, yaani mwili wa boti, bodi inapinda kupita kiasi. Hilo dai la haki. Gonga taratibu kwa mpini wa bisibisi: tabaka zilizoshikana hulia kavu, zilizoachana hutoa sauti butu.

Basi kabla ya msasa, chaki. Zungushia kila lengelenge duara, andika namba, weka rula kando yake, piga picha ya karibu na nyingine ya mbali inayoonyesha ni sehemu gani ya boti. Piga pia namba ya bodi, iliyo nyuma upande wa kulia, karibu na ukingo wa juu. Kwa boti za Marekani ina herufi na tarakimu 12: ya 9 ni mwezi (A ni Januari), mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Tuma pamoja na risiti, kwa maandishi, kwa muuzaji na mtengenezaji wote wawili. Simu peke yake haina shahidi. Usiruhusu fundi aguse mpaka wajibu kwa maandishi.

Mtego mkubwa kwetu Lamu umo kwenye maandishi madogo. Waranti nyingi hufupishwa au hufutwa kabisa boti ikibeba abiria kwa nauli, na ngapi hapa hazivushi watu Mokowe? Soma pia kama inamfuata mnunuzi wa pili, kama jelikoti ina muda wake mfupi kuliko bodi, na gharama ya kuisafirisha boti ni ya nani. Mashine ina waranti yake mbali. Muuzaji akikurusha kwa mtengenezaji, mkumbushe Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16: ubora wa bidhaa ni deni la muuzaji mwenyewe.

Dai likikataliwa, fungua malengelenge yote, osha kwa maji baridi ya kisima kisicho na chumvi, tena na tena kwa majuma, kisha acha kaskazi ifanye kazi yake. Ziba kwa resini ya epoksi, si ya poliesta. Lakini kwanza, kupima kama bodi imekauka, bandika juu yake jioni kipande cha nailoni, sentimita 30 kwa 30, kingo zote zikiwa na tepu. Asubuhi ukikuta matone ndani yake, epoksi ibaki koponi.