Mdudu wa TB hana haraka

Kupima makohozi ndiyo kazi ninayoipenda kuliko zote hapa maabara. Natandaza kidogo kwenye kioo, kikikauka nakipitisha juu ya moto, kisha namwagia rangi nyekundu na kuipasha mpaka itoe mvuke. Halafu asidi. Hapo kila kitu hupauka isipokuwa bakteria wa kifua kikuu. Ganda lake lina nta, rangi ikishaingia haitoki. Namalizia na rangi ya buluu. Kwenye hadubini utaona vijiti vyembamba vyekundu, vingine vimejipinda kidogo. Ndiye yule yule ambaye daktari Mjerumani Robert Koch alimtangaza Berlin tarehe 24 Machi 1882.

Siku hizi mashine ya GeneXpert hutoa jibu ndani ya saa mbili, na husema pia kama mdudu ni sugu kwa rifampisini, mojawapo ya dawa kuu za TB. Naishukuru sana mashine hiyo.

Swali ninaloulizwa zaidi dirishani ni hili: "Dada, dawa ya kuhara nilimeza siku chache tu, hii mbona nusu mwaka?" Jibu liko kwenye tabia ya mdudu mwenyewe. E. koli, bakteria wa tumboni, akipata mazingira mazuri, hugawanyika kila baada ya dakika 20 hivi. Wa TB huchukua karibu saa 20. Ndiyo maana kumwotesha maabara kunaweza kufika wiki nane, na ndiyo maana kikohozi huanza taratibu, mtu akidhani ni vumbi. Tena wapo wanaojilaza tu bila kugawanyika, na hao dawa huchelewa kuwamaliza.

Kwa hiyo miezi miwili ya kwanza ni dawa nne kwa pamoja, minne inayofuata ni mbili. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa usiogope, ni rifampisini. Baada ya wiki kadhaa homa inakata, jasho la usiku linakoma, chakula kinapanda. Hapo ndipo wengine wanapoacha kliniki, na inaniuma, kwa sababu waliobaki kifuani ni wale wagumu, na wakiamka tena huenda dawa zile zile zisiwaweze.

Ukipewa kikopo, usiniletee mate. Asubuhi sukutua kwa maji, toka nje penye hewa, mbali na watu, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka kifuani. Na ukiwa kwenye dozi, tunakihitaji kikopo tena mwezi wa pili, wa tano na wa sita, hata kama unajiona umepona.