Mizinga ya babu ndiyo iliyotupatia mpaka wa msitu

Mimi ni katibu wa kamati ya maliasili ya kijiji, huku kwenye misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania. Msitu wetu leo una ramani, una sheria ndogo na una doria, nami najivunia hilo. Viongozi wa vijiji vingine hunipigia simu kuuliza tulianzaje, na nasikitika kwamba wengi wao wameshapewa ushauri uleule mbovu tuliopewa sisi.

Sisi alitujia mtaalamu na karatasi zilizokwisha chapwa. Akatuambia tukisaini tu, tutasimamia msitu pamoja na serikali. Mwenyekiti alikuwa ameshashika kalamu mzee mmoja mrina asali alipouliza, "Kwanza, huu msitu ni wa nani?" Hakuna aliyemjibu.

Swali lile ndilo lililotuokoa. Sheria ya Misitu ya 2002 ina njia mbili. Kama msitu ni hifadhi ya serikali, kijiji huingia mkataba wa usimamizi wa pamoja: msitu unabaki kuwa wa serikali, na nyinyi mnapata haki na majukumu mliyoandikiana. Kama uko ndani ya ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji inautangaza kuwa msitu wa hifadhi wa kijiji kwa idhini ya mkutano mkuu, na wanakijiji ndio wasimamizi. Karatasi zile zilikuwa za njia ya kwanza, ilhali sehemu kubwa ya msitu iko kwenye ardhi yetu. Tungekuwa tumekubali kugawana kilicho chetu. Wenzetu wa Duru-Haitemba kule Babati, miaka ya 1990, walikataa msitu wao kuchukuliwa kuwa hifadhi ya serikali, wakaulinda wenyewe. Mfano wao niliusimulia kwenye kila kikao.

Sasa ilibidi tuonyeshe mpaka. Mara ya kwanza tulikosea vibaya. Tuliwatuma vijana na kifaa cha kupimia, wakapaka miti rangi nyekundu kwa siku moja, wakarudi wakishangilia. Hazikupita wiki mbili, kijiji jirani kikabandua magome yote yenye rangi. Walikasirika, na haki walikuwa nayo, kwa sababu hakuna mzee wao hata mmoja aliyeitwa. Tulipowaita kwenye kikao na kuwauliza mpaka uko wapi, kila upande ulivutia kwake hadi jioni, na wawili nusura wapigane.

Nililala nikilifikiria swali hilo la mpaka. Kumbe mtu akiulizwa mpaka, anajibu kama mgomvi. Mrina asali ukimuuliza mizinga, anajibu kama mwenyewe. Huku kwetu kila mzinga una alama ya ukoo iliyochongwa, na mti uliotundikiwa mzinga unajulikana ni wa nani tangu enzi za babu. Basi tukawaalika wazee wa pande zote mbili, tukachinja mbuzi, tukanunua mchele, mafuta ya pikipiki ya bwana misitu na vikorokoro vingine. Kama laki tatu hivi, labda na zaidi kidogo. Kwenye mwaliko neno mpaka halikuwamo. Tukawaomba watuonyeshe tu mizinga ya babu zao.

Tulitembea siku tatu. Mzee wa upande wa pili alisimama chini ya mti mmoja uitwao mtundu, akapapasa kovu la kamba kwenye gome, akasema huu ndio ulikuwa wa mwisho wa baba yake. Wa kwetu akaonyesha wa kwake ng'ambo ya mbuga. Kati ya miti ile miwili hapakuwa na mzinga wa mtu yeyote, wala pa kugombania. Jioni ile halmashauri zote mbili zilisaini muhtasari, na rangi tuliipaka pamoja.

Sheria ndogo zilituchukua muda. Rasimu ya kwanza ilikataza kila kitu, hadi akina mama walipouliza kuni na uyoga watatoa wapi. Msiandike sheria bila wao. Tuliirekebisha, mkutano mkuu ukapitisha, halmashauri ya wilaya ikaidhinisha.

Safari ile ilionyesha jambo jingine. Baadhi ya mizinga ya mababu iko ng'ambo ya vigingi vya hifadhi ya serikali. Kwa kipande hicho, na hicho tu, tulisaini mkataba wa pamoja, lakini tulikataa maneno ya jumla kama "wananchi watanufaika". Tulidai yaandikwe majira ya kurina, njia za kupita na jinsi ya kuzima moto wa kufukizia nyuki. Vikao vinne viliisha kwa hilo peke yake.

Msimu uliopita askari wa hifadhi walimkuta kijana wetu juu ya mti, ng'ambo ya vigingi. Alishuka, akatoa nakala ya mkataba mfukoni, akawaonyesha kifungu. Wakakisoma, kisha mmoja akampokea ndoo ya asali ili apande tena kumalizia.